Ruta ya pili ofisini: VPN ya kazi kati ya ulinzi wa taarifa na sharti la usajili

Oktoba 13, 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji mtandao binafsi, maarufu kama VPN, wawasilishe taarifa za matumizi hayo kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Tangu siku hiyo neno VPN limesikika zaidi kwenye mijadala ya siasa na mitandao ya kijamii kuliko kwenye habari za kazi.

Lakini kwa ofisi ndogo iliyo mbali na makao makuu yake, VPN ni kifaa cha kazi kama lilivyo kufuli la kabati la mafaili. Na mara nyingi inaingia ofisini kwa njia ya kawaida kabisa: fundi anashauri inunuliwe ruta ya pili, iunganishwe na ile iliyoletwa na kampuni ya simu, na ndiyo ibebe kazi ya VPN.

Je, ruta hiyo ya pili inahitajika kweli? Inaunganishwaje bila kuharibu mtandao uliopo? Na sheria inaitazamaje? Makala hii inaeleza, kwa kutumia mfano wa ofisi katika kata ya Mahege, wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani.

Kwa nini Kibiti ni mfano mzuri

Kibiti ni wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji, na ndani yake limo eneo kubwa la delta ya mto Rufiji. Zipo kata za nchi kavu, Mahege ikiwa mojawapo, na zipo kata za delta kama Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi, Msala na Salale, ambako mashua ni usafiri wa kawaida kama ilivyo bodaboda kwingine. Karatasi kutoka kata hizo hadi makao makuu ya wilaya inaweza kuchukua siku nzima njiani, na ikifika mvua kubwa inaweza isifike kabisa.

Wakazi hawajasahau mwaka 2024. Mafuriko ya Aprili yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapita eneo la Mafia, na mvua zake zikakata barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara katika maeneo ya wilaya ya Kilwa. Katika hali kama hiyo, ofisi inayotegemea kupeleka vitabu vya hesabu kwa gari inasimama. Ofisi yenye mawasiliano ya intaneti inaweza kuendelea, ilimradi minara iwe na umeme.

Kazi yenyewe pia imebadilika. Wakulima wa korosho na ufuta wa Pwani wanauza kupitia stakabadhi ghalani, na kuanzia msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imekuwa ikifanyika kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Vyama vya msingi vya ushirika, vinavyojulikana kama AMCOS, vina mfumo wao wa usimamizi uitwao MUVU. Vituo vya afya, shule na halmashauri navyo vinaingiza mapato, mahudhurio na taarifa za wagonjwa kwenye mifumo ya kompyuta. Mkulima aliyepeleka kilo zake ghalani anasubiri fedha zake zipite kwenye mifumo hiyo. Taarifa ikivuja, ikipotea au ikibadilishwa njiani, anayeumia wa kwanza ni yeye.

Si kila VPN ni ile ya kwenye simu

Watu wengi wanaijua VPN kama programu ya simu inayopakuliwa ili kufungua tovuti iliyozuiwa. Hiyo ni aina moja. Mtumiaji anapeleka mawasiliano yake kwa kampuni ya VPN iliyo nchi nyingine, na kampuni hiyo ndiyo inayompeleka anakotaka. Mtoa huduma wa simu haoni ulichofungua, lakini kampuni ya VPN inaweza kuona unakokwenda.

Ndiyo maana programu za bure zinahitaji tahadhari. Facebook iliwahi kumiliki programu ya VPN iitwayo Onavo, iliyotangazwa kama kinga kwa mtumiaji huku ikikusanya taarifa za programu alizotumia kwenye simu yake. Apple iliishinikiza iondolewe kwenye duka lake la programu mwaka 2018, na Julai 2023 mahakama ya shirikisho nchini Australia ikaamuru kampuni tanzu za Meta zilipe faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji.

VPN ya ofisi ni kitu kingine. Hapa hakuna kampuni ya katikati. Ofisi ya tawi inachimba njia yake yenyewe, kama handaki, ndani ya intaneti ya kawaida hadi kwenye ofisi kuu. Kila kinachopita humo kinafungwa kwa njia ya kificho, na ufunguo wake unabaki kwa pande mbili tu. Mhasibu wa tawi anafungua faili lililo kwenye seva ya makao makuu kana kwamba ameketi chumba cha pili.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu aina zote mbili zinabeba jina moja na zinatumia teknolojia ileile. Kwa anayetazama kutoka nje, zinafanana.

Je, unaihitaji kweli?

Kabla ya kutoa fedha dukani, ofisi ijiulize kazi yake inafanyika wapi. Kama mfumo wote ni tovuti inayofunguliwa kwa kivinjari, yenye alama ya kufuli na inayodai nenosiri, basi mawasiliano yake tayari yamefungwa kwa kificho kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye seva. VPN juu yake itaongeza kidogo tu, isipokuwa mwenye mfumo ameweka sharti kwamba lazima upitie huko.

VPN inakuwa na maana pale ambapo kitu kinachotafutwa hakipaswi kuonekana kwenye intaneti kabisa: programu ya hesabu iliyo kwenye kompyuta ya makao makuu, mafaili ya wanachama, kamera za ghala au kumbukumbu za mizani. Kuna ofisi zinazotatua hilo kwa kufungua tundu la kuingilia moja kwa moja kwenye kompyuta hiyo ili matawi yaione. Hilo ni kosa kubwa. Kompyuta iliyoachwa wazi kwenye intaneti hupimwa mchana na usiku na programu za wahalifu zinazozunguka dunia zikitafuta mlango ulioegeshwa tu.

Swali la pili ni kwa nini isitumike ruta iliyopo. Ruta nyingi zinazotolewa na kampuni za simu ni za kazi ya msingi tu: kugawa intaneti. Hazina uwezo wa VPN, au zimefungwa na kampuni ili mteja asibadilishe mipangilio. Njia mojawapo ni kuweka programu ya VPN kwenye kila kompyuta. Kwa kompyuta moja au mbili hiyo inatosha, na ni nafuu zaidi. Zikifika tano au zaidi, na karani mmoja akitumia mashine ya mwenzake leo na nyingine kesho, ruta moja inayobeba VPN kwa wote ni rahisi kuisimamia.

Jinsi ruta mbili zinavyokaa pamoja

Tuchukue mfano wa kufikirika: ofisi ya chama cha msingi Mahege ina ruta ya laini ya simu, kompyuta tano na mashine moja ya kuchapa. Makao makuu yake yana seva ya hesabu. Kuna njia tatu za kuiweka ruta ya pili.

Njia ya kwanza ni kuiweka nyuma ya ile ya kwanza. Waya unatoka kwenye tundu lolote la LAN la ruta ya kampuni na kuingia kwenye tundu la WAN la ruta mpya. Kompyuta za kazi zinaunganishwa kwenye ruta mpya. Simu za wageni na za wafanyakazi zinabaki kwenye ruta ya zamani. Hii ndiyo njia rahisi na inafaa ofisi nyingi ndogo, kwa kuwa inatenganisha pia kompyuta za kazi na simu za watu. Simu yenye kirusi ikiingia kwenye Wi-Fi ya wageni, inakutana na ukuta kabla ya kufika kwenye kompyuta ya mhasibu.

Njia ya pili ni kuziweka sambamba: LAN kwa LAN, zote kwenye mtandao mmoja. Hapa ruta ya kwanza lazima ielekezwe kwamba mawasiliano ya kwenda makao makuu yapitie kwa mwenzake. Ruta nyingi za kampuni za simu hazikubali maelekezo hayo, kwa hiyo njia hii hukwama.

Njia ya tatu ni kuifanya ruta ya kampuni iwe daraja tu, isigawe anwani wala kuchuja chochote, na kazi yote ifanywe na ruta mpya. Kiufundi ndiyo safi zaidi. Inategemea kama kampuni inaruhusu, na kwa ruta za laini ya simu mara nyingi chaguo hilo halipo.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni anwani zinazogongana. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani ya 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukiweka mbili zenye mtandao mmoja, moja nyuma ya nyingine, ruta ya pili haijui kipi kiko ndani na kipi kiko nje. Tatizo lilelile hutokea kati ya tawi na makao makuu. Kompyuta ya Mahege ikiambiwa itafute seva yenye anwani 192.168.1.10, na ofisi ya Mahege nayo inatumia mtandao wa 192.168.1, itaitafuta chumbani kwake na haitaipata. Ni sawa na mtaa mmoja kuwa na nyumba mbili zenye namba moja; barua haitajua iende wapi. Dawa ni kupanga mapema: kila ofisi ipewe fungu lake la anwani, kwa mfano tawi moja 192.168.50 na jingine 192.168.60, na orodha iandikwe mahali pamoja.

Kosa la pili ni kuwa na wagawaji wawili wa anwani kwenye mtandao mmoja. Hutokea pale ruta mbili zilipounganishwa LAN kwa LAN bila kuzima kazi ya kugawa anwani kwenye mojawapo. Dalili yake inachosha: leo kompyuta inafanya kazi, kesho haifanyi, na kila ikizimwa na kuwashwa matokeo yanabadilika. Ofisi nyingi huilaumu kampuni ya simu, kumbe tatizo liko mezani kwao.

Kosa la tatu ni kupeleka kila kitu kwenye handaki. Ruta isipopangwa vizuri, hata video anayotazama mfanyakazi saa ya mapumziko itasafiri hadi makao makuu kwanza ndipo itoke kwenye intaneti. Tawi linalotumia vifurushi vya data litashangaa bando linavyokwisha, na intaneti ya makao makuu itabebeshwa mzigo mara mbili. Inatosha kuelekeza kwenye VPN mawasiliano ya mfumo wa kazi tu, mengine yatoke moja kwa moja.

Kosa la nne ni kusahau ruta yenyewe. Mei 2018 watafiti wa Cisco walitangaza kugundua programu hasidi waliyoiita VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo. Ruta iliyobaki na nenosiri la kiwandani, au isiyowahi kupata masasisho ya programu yake, ni mlango wa nyuma. Kununua ruta ya pili bila kuitunza ni kuongeza mlango wa pili.

Mbinu ya kificho nayo ina umri. PPTP, iliyoanza miaka ya 1990 na bado inaonekana kwenye orodha za ruta nyingi, haipaswi kutumika tena kwa kuwa udhaifu wake umejulikana kwa muda mrefu. OpenVPN na IPsec zinaaminika, na WireGuard, iliyoingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux mwaka 2020, ni nyepesi na inafaa ruta ndogo.

Anwani isiyokaa mahali pamoja

Hapa ndipo ufundi unapokutana na sheria, na panahitaji maelezo kidogo.

Kila kifaa kinachopatikana moja kwa moja kwenye intaneti kina anwani ya umma ya IP. Anwani za zamani, za toleo la nne, zimeadimika duniani kote. Ili ziwatoshe wateja, kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mfano wake ni ofisi yenye namba moja ya simu na wafanyakazi wengi wenye namba za ndani: wote wanaweza kupiga nje, lakini mtu wa nje hawezi kumpigia karani moja kwa moja bila opereta.

Kwa ofisi ya Mahege maana yake ni hii: ruta yake ya laini ya simu inaweza kupiga kwenda makao makuu, lakini makao makuu hayawezi kuipigia. Kwa hiyo VPN lazima ianzishwe na tawi, na upande wa makao makuu ndio uwe na anwani ya umma isiyobadilika. Anwani hiyo huombwa kwa mtoa huduma na mara nyingi hulipiwa. Ofisi inayopanga mfumo huu ianze na swali hilo kabla ya kununua vifaa, kwa sababu ruta nzuri pande zote mbili haitasaidia kitu kama hakuna upande unaoweza kupigiwa.

Sasa turudi kwenye taarifa ya TCRA ya mwaka 2023. Miongoni mwa mambo ambayo mtumiaji wa VPN alitakiwa kuyawasilisha ni anwani ya IP. Kwa benki au kampuni kubwa ya Dar es Salaam yenye anwani yake ya kudumu, hilo ni jambo la kujaza fomu. Kwa tawi linalotumia laini ya simu, anwani inayoonekana kwenye intaneti inaweza kubadilika kila ruta inapozimwa na kuwashwa, na wakati huohuo inatumiwa na wateja wengine wasiojuana. Tawi hilo linaweza kutaja kwa uhakika anwani ya makao makuu tu. Sharti lililoandikwa kwa kufikiria ofisi kubwa linamkuta karani wa kata akiwa hana cha kuandika kwenye nafasi hiyo.

Sheria mbili, meza moja

TCRA ilieleza kuwa hatua yake inalenga kuzuia watu kufikia maudhui yaliyokatazwa. Ilirejea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ambazo kanuni yake ya 16 inakataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia au programu zinazomwezesha mtu kufikia maudhui hayo. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote kwa pamoja.

Upande wa pili ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo, inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili na wachukue hatua za kiusalama kuzilinda. Orodha ya wanachama wa ushirika yenye majina, namba za simu na akaunti za benki ni taarifa binafsi. Kadi ya mgonjwa ni taarifa binafsi yenye uzito zaidi.

Kwa hiyo ofisi ndogo imewekwa kati ya masharti mawili. Sheria moja inaitaka ifunge taarifa za watu zisionekane njiani. Kanuni nyingine inakitazama kwa mashaka kifaa kinachofunga, na inataka kielezwe. Masharti hayo hayapingani kimaandishi: ofisi inaweza kutumia VPN na pia ikaitolea taarifa. Lakini kwa mtu wa ngazi ya kata anayesikia kwenye redio kwamba VPN ina faini ya milioni 5, uamuzi rahisi ni kuacha. Anarudi kutuma orodha ya malipo kwa WhatsApp kwenye simu yake binafsi, au kuibeba kwenye flashi ndani ya bodaboda. Hapo hakuna sheria ya VPN iliyovunjwa, na taarifa za wakulima mia kadhaa ziko mfukoni mwa mtu mmoja.

Hilo ndilo gharama ya kuweka matumizi ya kazi na matumizi ya kukwepa vizuizi kwenye kapu moja.

Mtandao unapozimwa

Mjadala huu umekolezwa na matukio ya karibuni. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa nchini. Mei 2025 mtandao wa X nao ukazuiwa, na watumiaji wengi wakageukia VPN. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikaanza kurejea siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba. Uganda ilipitia hali inayofanana: kodi ya mitandao ya kijamii ya Julai 2018 iliwafanya watu wengi wajifunze VPN kwa mara ya kwanza, na Januari 2021 intaneti ilizimwa kabisa wakati wa uchaguzi.

Ni vizuri kueleweka kwamba VPN ya ofisi haina dawa ya kuzimwa kwa intaneti. Handaki linapita ndani ya barabara. Barabara ikifungwa, handaki nalo limefungwa. Ndivyo ilivyokuwa pia Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Tanzania na majirani ikadorora vibaya. Siku hizo ofisi yenye ruta mbili ilikaa kimya sawa na isiyo na ruta hata moja. Kwa hiyo kila ofisi inayohamia kwenye mfumo wa mbali inapaswa kubaki na nakala ya kazi ya siku kwenye kompyuta ya tawi, na utaratibu wa kuandika kwenye daftari hadi mawasiliano yarudi.

Umeme ni sehemu ya hesabu hiyo. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12, kwa hivyo betri ndogo yenye sola inaweza kuziendesha zote mbili umeme unapokatika. Betri isiyotosha kompyuta tano inaweza kutosha ruta mbili na kompyuta mpakato moja, na hiyo inatosha kufunga hesabu za siku.

Nini kifanyike

Kwa ofisi za umma jibu ni fupi: zisijiongezee ruta kienyeji. Serikali ina mtandao wake unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, na afisa TEHAMA wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kwanza. Ruta iliyochomekwa na mtu mwenye nia njema inaweza kufungua njia kutoka Wi-Fi ya wageni hadi kwenye mfumo wa malipo.

Kwa vyama vya ushirika, shule binafsi, zahanati za mashirika na kampuni ndogo, hatua za msingi ni hizi. Kwanza, uamuzi uwe wa kikao, uandikwe kwenye muhtasari: VPN inaunganisha nini na nini, nani ana ufunguo, na kwa nini. Pili, makao makuu ndiyo yajitokeze TCRA kwa niaba ya matawi, kwa kuwa ndiyo yenye anwani ya kudumu ya kutaja. Tatu, ruta iwe ya aina iliyoidhinishwa na mamlaka, nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, na funguo za mtu aliyeacha kazi zifutwe siku anayoondoka. Nne, fundi akimaliza aache mchoro na orodha ya anwani. Ofisi ambayo mipangilio yake ipo kichwani mwa fundi mmoja wa Dar es Salaam haina mtandao wake. Imeukodi kwa fundi huyo.

Kwa mamlaka, linalohitajika ni maelezo yanayomfikia mtu wa kata: kwamba VPN ya tawi kwenda ofisi kuu ni matumizi halali, na kwamba tawi lisilo na anwani ya kudumu lisajiliwe kupitia ofisi yake kuu. Mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, uliobandikwa kwenye ofisi za halmashauri na kusomwa redioni, ungeondoa hofu ambayo faini imeiacha.

Jambo hili litazidi kuwa na uzito. Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kila mnara unaowashwa vijijini unaleta ofisi nyingine kwenye intaneti, pamoja na taarifa za watu inazozitunza. Vifaa vya kuzilinda taarifa hizo vipo madukani na bei yake haiko mbali na uwezo wa chama cha msingi. Kinachobaki ni kumwondolea karani wa Mahege shaka kwamba kuzilinda kunaweza kumpeleka mahakamani.